Kipimo cha Dakika Kumi na Tano na Meza ya Ndani
Hotuba kwa wenye hoteli na mikahawa wa Kisumu

Wenye hoteli, wapishi, wahudumu, maafisa wa afya wa wadi, na akina mama wa samaki mliotoka Dunga na Kibuye, hamjambo. Asanteni kwa kuja saa ambayo kwa kawaida mngekuwa mnapanga meza za mchana.

Swali mlilotuletea ni moja. Janga jingine la virusi vinavyosambaa kwa hewa likitufika, je, kipimo cha haraka mlangoni kitatuwezesha kuendelea kuwaketisha wateja ndani badala ya kufungiwa? Tunajibu mapema ili msikae mkingoja: kitasaidia, lakini si pale wengi mnapofikiria. Kipimo kinalipa kikitumiwa kwa wafanyakazi, tena mara kwa mara, na kwa hafla chache kubwa. Mteja wa kila siku anayeingia kula ugali na samaki kisha akaondoka, fedha hiyohiyo ikiingia kwenye madirisha itamlinda zaidi kuliko ikiingia kwenye kaseti za kipimo mlangoni. Mengine yote tutakayosema ni sababu za jibu hilo, na namna ya kufanya kazi yenyewe isiharibike.

Tukumbushane tulikopita. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza. Mwishoni mwa Aprili Wizara ya Afya iliruhusu mikahawa ifunguliwe kwa masharti: wafanyakazi wapimwe, wateja wasizidi wanne kwa kila mita 10 za mraba, na nafasi ya mita 1.5 kati ya mtu na mtu. Kipimo kilichokuwapo wakati huo kilikuwa PCR ya maabara, na upande huu mzigo ulibebwa na maabara za KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian na Alupe kule Busia. Sampuli zilisafirishwa, zikapanga foleni, zikasubiri. Ukipimwa Jumatatu na jibu likaja Ijumaa, umeshahudumia meza siku nne. Karatasi unayo, lakini haina kazi tena.

Machi 2021 wenzetu wa Nakuru walifungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Hakuna kula ndani, chakula cha kubeba tu, hadi Mei mosi. Kisha ikawa zamu yetu. Aina ya Delta iliripotiwa hapa Kisumu mwezi Mei, na tarehe 17 Juni kaunti 13 za ukanda huu ziliwekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Kwa mkahawa unaoishi kwa mauzo ya usiku, hiyo ilikuwa kama kufungwa kabisa. Mlangoni wakati huo tulikuwa na ndoo ya maji, sabuni na bunduki ya kupima joto. Bunduki ile haikumnasa mtu asiye na homa, na wengi waliokuwa wakisambaza hawakuwa na homa.

Sasa kipimo chenyewe. PCR hutafuta chembe za urithi za virusi na kuzizidisha mara nyingi sana mpaka zionekane. Kipimo cha haraka hakizidishi chochote. Kinatafuta protini moja, ile inayoufunika urithi wa virusi kwa ndani. Katika kaseti ya plastiki mna ukanda wa karatasi ya nitroselulosi. Maji ya sampuli yakidondoshwa yanatambaa polepole kwenye ukanda, yakibeba kingamwili zilizoshikanishwa na vijichembe vidogo mno, mara nyingi vya dhahabu, ambavyo ndivyo vinavyotoa rangi. Zikikutana na protini ya virusi, zinanaswa kwenye mstari wa T. Zinazobaki zinafika mstari wa C, na kazi ya C ni kutuhakikishia kwamba maji yalitembea mpaka mwisho.

Kwa kuwa hakuna kuzidisha, lazima virusi viwe vingi puani ndipo mstari uonekane. Kwa hiyo kipimo hiki huwanasa vizuri walio katika siku zao za kuambukiza sana, na huwakosa walioambukizwa jana au juzi, ambao kesho watakuwa wanaambukiza.

Shirika la Afya Duniani lilitaka kipimo cha haraka kinase angalau watu 80 kati ya 100 wenye virusi, na kiwaachilie angalau 97 kati ya 100 wasio navyo, kikilinganishwa na PCR. Tathmini kubwa ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, iliyojumlisha utafiti mwingi, ilikuta kwamba vipimo hivi vinanasa takriban 73 kati ya 100 wenye dalili, lakini 55 tu kati ya 100 wasio na dalili. Katika jiji la Liverpool, Uingereza, ambako watu wasio na dalili walipimwa kwa wingi mwishoni mwa 2020, aina iliyotumika ilinasa 40 kati ya 100, ingawa kwa wale wenye virusi vingi zaidi ilinasa tisa kati ya kumi. Mteja wako anayeingia akitembea, akiwa na njaa, hana dalili. Hesabu inayokuhusu ni ile ya chini.

Tuihesabu pamoja. Tuseme kipimo kinanasa 6 kati ya 10 wasio na dalili, na kinawasingizia watu 5 kwa kila 1,000 wazima. Katika kipindi cha utulivu, kati ya wateja 1,000 wenye virusi ni 5. Utawanasa 3, na 2 wataingia. Wale wazima 995, karibu 5 watasingiziwa. Umewarudisha watu 8, na 5 kati yao hawana chochote. Umemaliza boksi 40 za vipimo 25 kuwazuia watu watatu. Wimbi likipanda na wenye virusi wakawa 50 kati ya 1,000, utawanasa 30, na wanaosingiziwa watabaki walewale 5. Hapo kipimo kina maana zaidi, lakini angalieni upande wa pili: watu 20 wameingia, wameketi, wanaongea kwa uhuru kwa sababu wameambiwa wako salama. Kama madirisha yamefungwa, hao 20 wanatosha kabisa kuharibu.

Kuna jambo la muda pia. Jibu la kipimo ni picha ya pua ya mtu saa ile aliyopimwa, halisemi lolote kuhusu kesho. Nchi zilizotumia cheti cha kipimo kuingia mikahawani zilihangaika na jambo hili. Denmark ilifungua meza za ndani Aprili 2021 kwa kipimo cha ndani ya saa 72. Austria, mwezi Mei mwaka huohuo, ikatoa saa 72 kwa PCR na saa 48 kwa kipimo cha haraka kilichofanywa na mhudumu wa afya. Ufaransa ilianza Agosti na saa 72, na kufikia mwisho wa Novemba ikashuka hadi saa 24. Kadiri walivyojifunza, ndivyo muda ulivyofupishwa. Ushauri wetu kwenu ni mkali zaidi: kipimo cha haraka kihesabiwe kwa siku ileile, na ikiwezekana kwa mlo uleule.

Na kuna bei. Mwezi Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza makubaliano ya kuuza vipimo hivi kwa nchi maskini kwa bei isiyozidi dola 5 kimoja, yaani zaidi ya shilingi 500 kwa viwango vya wakati ule. Baadaye bei zilishuka, lakini hata nusu ya hapo ni fedha ya mlo kwenye vibanda vyetu vingi. Ujerumani ilipoacha kulipia vipimo vya bure Oktoba 2021, ilivirudisha mwezi uliofuata wimbi lilipopanda. Kama taifa tajiri lilishindwa kumwachia mteja gharama hiyo, msidhani boda boda wa Kondele atalipa mara mbili, kwanza kipimo halafu chakula. Atakula kibandani kwingine ambako hakuna anayeuliza, na pengine pale hewa ni mbaya kuliko kwako.

Somo hilo sisi wa magharibi hatuhitaji kulitafuta Ulaya. Tunalo Malaba na Busia, mpakani na Uganda. Mwaka 2020 madereva wa malori walitakiwa kuwa na cheti cha PCR, na cheti kilihesabiwa halali kwa siku 14. Foleni zilijaa barabara kilomita nyingi, watu wamelala chini ya malori, wamekusanyika kwenye vibanda vya chai wakisubiri karatasi ya kusema hawana ugonjwa. Januari 2022 Uganda ilipowataka madereva wapimwe mpakani kwa dola 30, foleni zikarudi, na ada ile ikaondolewa. Kipimo kinachotengeneza msongamano kinazaa ugonjwa mlangoni. Mkahawa mdogo unaweza kufanya kosa lilelile kwa kiwango chake. Mtu mmoja huchukua kama dakika nne kupimwa vizuri na kuandikwa, kwa hiyo mpimaji mmoja hupima watu 15 kwa saa. Wateja 60 wa saa saba mchana wanahitaji wapimaji wanne, na kila mteja angoje dakika 15 za jibu. Wanangojea wapi? Kama ni kwenye korido, afadhali usipime.

Ndiyo maana tunasema anza na wafanyakazi.

Mhudumu hukaa chumbani zamu nzima, siku sita kwa wiki, akiinamia kila meza ili amsikie mteja. Yeye akiwa na virusi, anawafikia wote. Tena ni watu walewale, kwa hiyo unaweza kurudia, na kurudia ndiko kunakoziba udhaifu wa kipimo. Aliyekoswa Jumatatu kwa sababu virusi vilikuwa bado vichache, atanaswa Alhamisi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2022, ilishauri kwamba mtu asiye na dalili asiamini jibu la kipimo kimoja, apime mara tatu kwa kuachanisha saa 48. Kwa mkahawa, panga mara mbili kwa wiki siku za kawaida za janga, na kila baada ya siku moja wimbi likipanda.

Hesabu yake ni nyepesi. Aina nyingi zinauzwa boksi la vipimo 25. Wafanyakazi 12 mara mbili kwa wiki ni 24. Kinabaki kimoja, na hicho msikitupe ovyo, ni cha kurudia jibu lenye shaka.

Mstari wa pili ukitokea, mtu huyo anatoka nje ya jengo mara moja, anarudiwa kipimo, kisha sampuli inakwenda PCR. Hapa kuna jambo tunalolisema bila kulainisha, kwa sababu ndilo linalovunja mipango mingi. Mfanyakazi anayelipwa kwa siku, akijua kwamba mstari ule utamnyima mkate wa siku kadhaa, atautafutia njia. Atapitisha kijiti nje ya pua. Atampa mwenzake apime badala yake. Hatumlaumu, ana watoto. Mlipe siku zake za kukaa nyumbani, na uliseme hilo mbele ya wote kabla ya kipimo cha kwanza. Gharama hiyo iingie kwenye bajeti ya vipimo, maana bila hiyo vipimo vyenyewe ni hasara tupu. Na mfanyakazi mwenye kikohozi au homa arudi nyumbani hata kama jibu lake ni hasi.

Twende kwenye kupima kwenyewe, kwa sababu majibu mengi ya uongo hayatokani na kiwanda, yanatokana na meza ya kupimia.

Vipimo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Kisumu, mchana wa Januari na Februari, joto hupita 30 kivulini, na stoo iliyo chini ya mabati bila dari hupita zaidi ya hapo. Boksi lililoachwa kwenye gari au juu ya friza ya jikoni, kingamwili zake huharibika bila kuonyesha dalili. Mstari wa C bado unaweza kutokea, lakini T imekufa, na kila mtu anaonekana mzima. Tafuta chumba cha ndani chenye kivuli, weka kipimajoto cha ukutani kando ya boksi, na umpe mtu mmoja kazi ya kukisoma saa nane mchana. Ukiweka kwenye friji, usigandishe, na ukitoa ngoja kama nusu saa kabla ya kufungua. Wenzetu wa Nakuru na Kericho shida yao ni ya upande wa pili: asubuhi ya Julai kaseti ni baridi, na kipimo kinatakiwa kifanyike kwenye joto la nyuzi 15 kwenda juu.

Usifungue pakiti mpaka mtu ameketi mbele yako. Hewa ya ziwani ina unyevu, na ukanda ule huunyonya. Kile kifuko kidogo ndani ya pakiti kipo kwa sababu hiyo. Tazama tarehe ya mwisho, kisha andika namba ya mtu na saa kwenye kaseti yenyewe.

Mtu apenge kamasi kwanza. Kijiti cha puani, kwa vile vya tundu la mbele, kiingie kama sentimita 2, kisha kizungushwe mara tano kikigusa ukuta wa pua, taratibu, kama sekunde 15, halafu kijiti hichohicho tundu la pili. Anayepima akiona mtu hajakunja uso hata kidogo, aangalie tena, maana kijiti kinachozunguka katikati ya tundu bila kugusa ukuta hakikusanyi kitu. Tumbukiza kijiti kwenye mrija wa maji ya kipimo, koroga angalau mara tano, bana mrija kwa vidole pande zote mbili, na ukitoa kijiti kikamue ukutani mwa mrija. Hapa ndipo watu huharakisha, na hapa ndipo sampuli inabaki kwenye pamba badala ya kuingia kwenye maji.

Matone ni kama kiwanda kilivyosema. Aina moja hutaka matatu, nyingine matano. Kidogo mno, maji hayafiki mwisho. Mengi mno, yanafurika na kuchafua dirisha la kusomea. Usichukue maji ya boksi la kampuni moja ukatumia kwenye kaseti ya nyingine, hata kama mirija inafanana. Maji yale yana chumvi na kiwango cha asidi kilichopimwa kwa ukanda ule tu. Ndiyo sababu soda au maji ya ndimu yakidondoshwa kwenye kaseti yanaweza kuleta mstari wa T bila virusi vyovyote. Shika mrija wima juu ya kaseti, sio pembeni, ili tone liwe zima na lisiwe na povu. Meza iwe sawa. Meza ya plastiki iliyolemaa mguu mmoja huyapeleka maji upande.

Weka saa. Dakika 15 ndizo za kawaida, na kila aina ina kikomo chake, dakika 20 kwa baadhi, 30 kwa nyingine. Ukisoma dakika ya tano, virusi vichache havijafika. Ukisoma baada ya saa nzima, ukanda umekauka, rangi imerudi nyuma, na kivuli cha kijivu kinaonekana kama T. Soma kwenye mwanga wa mchana. Mstari wa T, hata ukiwa hafifu, mradi una rangi na umetokea ndani ya muda, ni jibu chanya. C isipotokea, kipimo hakifai, rudia na kaseti nyingine. Mteja akikuonyesha picha ya kaseti kwenye simu, hiyo si ushahidi wa chochote, kwa sababu kaseti haina jina wala tarehe.

Na anayepima awe amefunzwa, avae glavu na barakoa nzuri, na ameze mate ya subira: dakika nne kwa mtu ni dakika nne.

Sasa hewa, na hapa tunaomba muda wenu zaidi.

Chumba cha kulia ni kigumu kuliko duka au ofisi kwa sababu moja tu: mtu hawezi kula na barakoa. Anakaa karibu saa nzima, uso wazi, anaongea na kucheka. Nchini Marekani uchunguzi uliochapishwa Septemba 2020 uliona kwamba watu wazima waliokutwa na korona walikuwa na uwezekano kama mara mbili zaidi ya wenzao wa kuwa wamekula mkahawani katika wiki mbili zilizotangulia.

Kisa kinachofaa kila mwenye hoteli akijue ni cha Guangzhou, China, tarehe 24 Januari 2020. Familia tatu zilikula chakula cha mchana kwenye ghorofa ya tatu ya mkahawa usio na madirisha ya kufunguka. Mgonjwa wa kwanza alianza kuhisi homa na kikohozi baadaye siku ileile. Watu 10 wa meza hizo tatu zilizopangana waliugua. Meza zilikuwa zimeachana zaidi ya mita moja. AC ya ukutani ilikuwa ikivuta hewa ya meza hizo na kuirudisha kwao tena na tena. Watafiti walipopima baadaye walikuta hewa mpya iliyokuwa ikiingia ni kama lita 1 kwa sekunde kwa kila mtu. Kipimo cha haraka asubuhi ile pengine kingemnasa mgonjwa wa kwanza, na tunakiri hilo kwa haki. Lakini hewa ingewalinda wale wengine hata kama kipimo kingemkosa.

Shirika la Afya Duniani linashauri lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Chukua chumba cha mita 6 kwa 8, dari mita 3. Kwa sharti lile la 2020, watu wanne kwa mita 10 za mraba, chumba hicho ni cha watu 19. Wanahitaji lita 190 kwa sekunde, yaani hewa yote ya chumba ibadilishwe karibu mara 5 kwa saa. Inaonekana nyingi, lakini dirisha lenye uwazi wa mita moja ya mraba, hewa ikipita kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, huingiza lita 500 kwa sekunde. Sharti ni kwamba upande wa pili wa chumba uwe na uwazi wa kutokea. Dirisha upande mmoja tu halivuti.

Hapa Kisumu tuna bahati ambayo hatuitumii. Upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu mchana, saa zenu za mauzo. Fungua upande wa ziwani na upande wa pili, chumba kinapumua chenyewe. Usiku upepo hugeuka na mara nyingi huwa dhaifu, na hapo ndipo watu hufunga kwa ajili ya mbu na wadudu wa ziwani. Wavu ni halali yenu, lakini wavu wenye vumbi na mafuta ya jikoni huziba hewa kuliko mnavyodhani. Uoshwe kila wiki. Madirisha ya vioo vya kupindua, mengi tumeyakuta yamegandishwa na rangi ya ukutani. Kisu chembamba na mafuta kidogo vinayafungua, na hiyo ndiyo fedha ndogo kuliko zote mtakayotumia.

Kujua kama hewa inatembea, washa kijiti cha udi, kishike kwenye kila dirisha, kisha katikati ya meza, kisha kwenye ile kona mnayoiita ya wageni wa heshima. Moshi ukisimama wima pale konani na kubaki, meza hiyo iondolewe au feni iwekwe dirishani ikitazama nje. AC ya ukutani haileti hewa mpya, inaipoza ileile. Vioo vya plastiki kati ya meza mara nyingi huzuia hewa kuzunguka, viondoeni. Feni ya jikoni ya kutoa moshi iwashwe hata kama hampiki kitu cha moshi, kwa kuwa huvuta hewa ya chumba cha kulia pia. Na punguzeni sauti ya muziki wa benga, watu wasilazimike kupiga kelele, maana anayepaza sauti hutoa vitone vingi zaidi.

Wenye uwezo, nunueni mita ya kaboni dioksidi. Nje husoma karibu 420, yaani sehemu 420 za gesi hiyo kwa kila sehemu milioni za hewa. Ndani, mkiwa mmejaa, ikibaki chini ya 800 mko vizuri. Ikipita 1,500 punguzeni watu hapo hapo. Iwekwe usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na mlango wa jikoni, kwa sababu jiko la makaa na la gesi hutoa gesi hiyohiyo na kukudanganya.

Hafla ni habari nyingine. Harusi, chakula baada ya mazishi, mkutano wa chama kwenye ukumbi: hapo wageni wanajulikana, saa inajulikana, na watakaa pamoja muda mrefu. Kipimo cha asubuhi ya siku ileile, nje, chini ya mti au hema lenye pande wazi, kina maana. Wageni wagawiwe saa za kupimwa kwa makundi ya 15. Wazee na wagonjwa wa sukari au figo watengewe meza za nje, hata wakiwa na jibu hasi, kwa sababu kipimo kikimkosa mgeni mmoja mwenye virusi, wao ndio watakaolala wodini.

Majibu ya watu ni siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti. Kitabu cha wageni kilicho wazi mezani, kikiwa na jina, namba ya simu na neno chanya, ni kosa, na ni aibu kwa mtu. Andika namba kwenye kaseti, orodha ya majina ikae kwa mtu mmoja, na kisa kiripotiwe kwa afisa wa afya ya umma, sio kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Kaseti, vijiti na mirija iliyotumika haviendi kwenye pipa la maganda wala havichomwi jikoni. Maji ya baadhi ya vipimo yana kemikali yenye sumu, kwa hiyo hayamwagwi kwenye sinki. Vyote viingie kwenye mfuko wa taka za kuambukiza, ufungwe, ukae mahali pasipofikiwa na watoto au waokota chupa, kisha uende kituo cha afya chenye tanuri. Panga siku ya kuchukuliwa na afisa wa wadi yako kabla ya kununua boksi la kwanza.

Meza za mazoezi ziko nyuma, chini ya madirisha. Tugawanyike watu sita kwa kila meza, kila mmoja apime mwenzake na asome jibu lake kwa saa, na wakati dakika 15 zikipita tutawasha udi kwenye kona za ukumbi huu tuone wenyewe hewa yake inakwendaje.